Fundi Aliyepima Macho kwa Sindano

Fundi cherehani alikuwa na kipimo chake cha macho. Kila asubuhi alifungua duka, akaketi kwenye cherehani, akatunga uzi. Uzi ukipita tundu la sindano mara ya kwanza, aliridhika. Macho yake mazima.

Lakini vitu vya pembeni vilimtoroka. Mkasi uliokuwa ubavuni aliutafuta kwa kupapasa. Kila mara aligonga bega mlangoni. Binti yake alimtania kwamba milango yote ya nyumba ina ugomvi naye. Walicheka, wakaendelea na kazi.

Siku moja muuguzi wa kliniki ya macho alileta sare yake ipunguzwe kiuno. Akamwona fundi akijigonga mezani. Alimsihi akapimwe, naye akaenda. Daktari akamwambia ana presha ya macho. Alitakiwa aanze dawa ya matone siku hiyohiyo.

"Nimuulize kaka kwanza," fundi alisema.

Ndivyo walivyolelewa. Tangu baba yao afariki, kaka ndiye aliyeamua yote: nani aolewe, nani ahame, nani atibiwe. Alikuwa mtu mwema, na fundi, dada yake, alimpenda. Alipoulizwa, alicheka. Mtu anayetunga uzi mwenyewe anaumwa macho gani? Akasema wasubiri. Kusema kweli, fundi alifurahi kuambiwa hivyo, maana alikuwa na hofu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja aliinua pasi ya moto, akageuka. Hakumwona mjukuu wake aliyesimama ubavuni. Binti alimvuta mtoto, pasi ikapita karibu kabisa na shavu. Fundi aliketi sakafuni, akalia.

Muuguzi aliposikia, alikuja dukani kuketi naye. Akamweleza kwamba ugonjwa ule mara nyingi huanzia pembeni, tena bila maumivu. Kuona kwa katikati hubaki kwa muda mrefu, ndiyo maana uzi ulikuwa bado unapita.

"Nikianza dawa sasa, nitarudishiwa nilichopoteza?"

"Hapana, dada. Kilichokwenda hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki."

Miezi ile ya kusubiri ilimuuma fundi.

"Kaka alisema nisubiri," alisema mwishowe.

"Kaka yako anakupenda. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muombe ushauri, hakuna ubaya. Ila uamuzi ni wako, maana giza likiingia, litaingia kwako."

Fundi alifunika cherehani, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kliniki. Kaka alipata habari jioni, kutoka kwa dada yake mwenyewe. Akanuna.

Tangu hapo fundi hutia matone kila siku bila kukosa, na siku za kliniki huenda. Pembeni bado ni giza. Kilichobaki kimebaki. Mkasi ameufunga kwa kamba na kuuning'iniza shingoni, na hagusi pasi kabla hajageuza kichwa chote na kutazama.

Muuguzi alikuwa amemwambia jambo jingine: ugonjwa huo hurithiwa ndani ya familia. Fundi alimfikishia kaka ujumbe huo, akamwachia uamuzi. Wiki kadhaa baadaye kaka alikuja dukani. Alisimama mlangoni, akizungusha kofia mikononi.

"Wewe unasemaje?" aliuliza. "Nikapimwe?"

Katika maisha yao yote, hakuwahi kumuuliza dada yake swali kama hilo.

"Mimi naona ukapimwe. Lakini macho ni yako, kaka. Amua wewe. Ukisema twende, nafunga duka."

Kaka alivaa kofia.

"Funga," alisema.