Magnesiamu Katika Chai ya Zagabe

Papa Zagabe alikutwa amekufa kitini, uso ukitazama ziwa, akitabasamu kama mtu aliyekatizwa ndoto tamu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umepanda polepole hadi barazani ukamfunika magoti.

Inspekta Mugisho hakupata nafasi ya kumtazama vizuri. Nje, watu walikuwa wamejaa mbele ya mlango wa Bintu, mjane jirani. Jana alikuwa amemletea marehemu kasiksi, pombe ya ndizi. Sasa watu hao walikuwa na kibiriti na petroli.

"Karuho!" walipiga kelele. "Ametia sumu!"

Mugisho aliweka polisi wawili mlangoni. Alijua wawili hao hawataweza kuuzuia umati hadi jioni.

"Bintu alionja kwanza?" alimuuliza mke wa marehemu, maman Emérence. Kwa desturi, mtu akileta kinywaji, sharti aonje mbele ya anayempa.

"Alionja. Kisha akatumbukiza kidole. Karuho inakaa mu ukucha."

"Ulimuona?"

"Kila mutu anajua."

Saa nane daktari Fabiola, aliyekuwa akimtibu marehemu na sasa amepima damu yake, alipiga simu. Sauti yake ilikuja kwa mbali, kana kwamba anasema chini ya maji.

"Hakuna karuho, Inspekta. Ni magnesiamu, nyingi mno. Ile ya unga, watu wanakunywa ili walale vizuri. Figo nzima zinaitoa. Zake zilikuwa mbovu, ikabaki kwenye damu, ikasimamisha moyo. Nilimkataza kwa maandishi."

Kopo lilikuwa jikoni, tupu.

"Ya nani hii, maman?"

"Yangu. Misuli inanikaza. Na yeye nilimutilia kidogo mu chai. Nilionja mbele yake! Si unaniona niko muzima?"

"Figo zako ni nzima. Farmasi waliuza kopo hili juzi. Limeisha kwa siku mbili?"

"Mambo ya dawa mimi sijui."

Mugisho alifungua daftari la hospitali la marehemu. Wino mwekundu: *Pas de magnésium*, asipewe magnesiamu.

"Kifaransa sijui, Inspecteur."

"Kila dimanche unasoma somo la kwanza kanisani, kwa Kifaransa. Mimi nakaa banc ya tatu. Usinidanganye."

Emérence alilifunika kopo tupu.

"Miaka tatu," alisema taratibu. "Akilala tu, anamuita. Bintu. Bintu. Kwa sauti ambayo mimi hajaniita nayo hata siku moja. Asubuhi namuuliza ameota nini, anasema hakuota. Nikasema, basi alale chini kabisa, kule mutu haiti mutu."

"Na ukangoja siku Bintu ataleta kasiksi."

"Nilingoja. Huyo, watu wangemumaliza wenyewe."

Mugisho alitoka naye, akapaza sauti: "Muuaji ni huyu hapa. Rudini kwenu na petroli yenu!"

Watu walitawanyika mmoja mmoja, wakikwepa macho ya polisi. Kwenye mlango wa jeep, Emérence alimshika mkono.

"Bintu alikuwa anajua kama anamuita usiku?"

"Nilimuuliza asubuhi kama kulikuwa na kitu kati yao. Anasema ni salamu tu, na kasiksi mara moja moja, kila mtu upande wake wa ua. Yeye alikuwa anamuita mumeo *voisin*, jirani."

"*Voisin*?" alisema Emérence. "*Voisin* tu?"

Alilia hadi ofisi ya polisi.