Lita Tano za Naftali

Mwili wa Naftali ulikutwa chini ya gari lake mwenyewe, kwenye kona kali juu ya lango la Lodoare, njia ya kupanda Ngorongoro. Dereva wa lori la ng'ombe kutoka Loliondo ndiye aliyeuona kwanza, saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito. Gari lilikuwa limerudi nyuma, likampitia, likagota kwenye tuta la udongo. Mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa bado umeshika jiwe.

Inspekta Hyasinta Tluway wa Karatu alilichukua lile jiwe. Lilikuwa dogo, halizidi kiazi cha kuchemsha. Akalitia kwenye mfuko wa vielelezo, kisha akalikagua gari. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho na bado magurudumu yalizunguka. Tenki lilikuwa kavu.

Kabla ya saa sita mji mzima ulikuwa umeshampata muuaji. Ni Lukresia, walisema. Petroli yake imechakachuliwa, imetiwa mafuta ya taa, imemzimia mtu gari mlimani. Lukresia alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mwenye kituo cha pampu mbili kwenye njia ya Daa. Hyasinta alipofika pale alikuta watu wamekizingira, wengine na marungu. Akamtia mama wa watu mahabusu, akijiambia kwamba anamlinda.

Ukweli ni kwamba na yeye aliamini. Alikuwa na miaka miwili hajajaza mafuta pale. Alijaza kwenye kile kituo kikubwa chenye taa nyingi na duka la biskuti, kwa sababu kila mtu alisema mafuta ya pale yanakwenda mbali.

"Mwanangu," Lukresia alimwambia kutoka nyuma ya nondo, "mimi naletewa mafuta na lori lilelile linalowaletea wao. Ulizia."

"Kila mwenye kituo husema hivyo, mama."

Maneno hayo yalikuja kumuuma baadaye. Mkuu wake alimpa hadi Jumatatu kumfikisha mama huyo mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Chanzo cha yote kilijulikana na kila dereva wa watalii pale Karatu. Naftali na mwenzake Emmanueli waliendesha Prado mbili za kampuni moja, za umri mmoja, zilizotunzwa na gereji moja. Kwa miezi sita walibishana kijiweni. Naftali aliapa kwamba petroli ya Lukresia huifanya injini iwe nyepesi na lita zake ni ndefu. Emmanueli aliapia ya kituo kikubwa. Madereva wenzao wakachoka, wakaamua ipimwe. Alhamisi alfajiri matenki yote mawili yalikaushwa gerejini mbele ya macho ya watu, kila mmoja akatiwa lita tano za kituo chake, kila mmoja akapanda peke yake ili uzito ulingane. Atakayefika mbali ndiye mkweli.

Hyasinta alimhoji Emmanueli siku hiyohiyo.

"Mliachana wapi?"

"Langoni, afande. Yeye aliingia ofisini na vibali vyetu. Alipotoka tukaondoka, mimi mbele."

"Ukafika wapi?"

"Kule juu, wanakosimama wageni kuitazama kreta. Nikamsubiri."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa. Zaidi kidogo."

"Hukurudi kumtafuta?"

"Nilijua yamemwishia. Nilisubiri anipigie."

Alijua. Hyasinta aliliandika neno hilo na kulipigia mstari. Chini ya kiti cha Emmanueli alikuta kidumu chenye petroli, kama lita mbili. Alipouliza, aliambiwa ni ya akiba.

Jumamosi majibu ya maabara yalifika. Petroli ya Lukresia ilikuwa safi, haina hata harufu ya mafuta ya taa. Ya kituo kikubwa nayo ilikuwa safi. Hyasinta akampigia simu mtaalamu, akamwomba aseme ile ya kwenye kidumu ilitoka kituo kipi. Mtaalamu alicheka. Alisema yote imeshushwa kutoka ghala moja, na kwa vipimo vyake haoni tofauti.

Hyasinta ni mtu wa kushika kwa mkono ndipo aamini. Jumapili aliichukua Prado ya Emmanueli, akaikausha tenki, akatia lita tano za kituo kikubwa na kupanda mlima peke yake, Koplo Tajewo akimfuata nyuma. Gari lilizimika kilomita ya thelathini na moja kutoka gerejini. Wakarudi, wakakausha tena, wakatia lita tano za Lukresia. Lilizimika kilomita ya thelathini na moja na mita mia mbili.

Naftali alikuwa amezimikiwa kilomita ya kumi na tisa. Tenki lake halikuvuja popote, gereji ilithibitisha.

Hyasinta alikaa kwenye usukani wa gari lililozimika, akaona aibu. Miaka miwili alikuwa amempita yule mama kwa sababu ya porojo za kijiweni.

Wakati wa kushuka alisimama langoni, akauliza nani alikuwepo Alhamisi. Nashipai, mama anayeuza maziwa, alimkumbuka Emmanueli vizuri. Kwa miaka yote hakuwahi kununua hata kikombe. Siku ile alikuja mbio, akanywa vikombe viwili, akatema kingine.

"Kikombe kilinuka petroli," Nashipai alisema. "Nimekisugua na majivu, bado kinanuka."

Kila dereva wa huku anajua dawa ya aliyenyonya mafuta kwa mpira yakamfika kooni. Sahihi au si sahihi, hukimbilia maziwa.

Jioni ile Emmanueli aliketi mbele yake.

"Nani alikufundisha kuendesha?" Hyasinta alimuuliza.

"Kaka Naftali."

"Ulikuwa utingo wake?"

"Miaka tisa, afande."

"Na ulinyonya lita mbili kwenye tenki lake akiwa ofisini."

Emmanueli aliinamisha kichwa.

"Nina gari langu, nina leseni yangu, nina watoto watatu," alisema. "Bado mbele ya watu aliniita utingo. Kila nikisema kitu kijiweni, anasema utingo ameongea, na wanacheka. Nilitaka mara moja tu yeye ndiye akosee. Kile kidumu ningemrudishia mwenyewe. Ningemtilia, tungecheka."

Hyasinta alimwonya kisheria, akachukua maelezo yake. Kisha akaenda kumfungulia Lukresia. Alimwomba radhi akiwa amesimama, kofia mkononi. Lukresia alisema amemsikia, lakini pampu zake zimeshavunjwa, na watu waliozivunja anawafahamu kwa majina, ni majirani. Akafunga kanga yake na kuondoka. Hakukubali kusindikizwa.

Hyasinta aliporudi, Emmanueli alikuwa bado hajatia sahihi.

"Afande, wanasema alikuwa ameshika jiwe."

"Ndiyo."

"Naomba kuliona."

Hakupaswa kumwonyesha, lakini alimwonyesha. Emmanueli aliutazama ule mfuko, machozi yakaanza kumtoka.

"Breki ile ya mkono haikuwahi kushika. Miaka tisa, tukisimama mlimani, mimi ndiye niliyeshuka kuweka jiwe. Yeye alibaki ndani, mguu kwenye breki. Nilijua atazimikiwa na gari, afande. Nikasahau kwamba yuko peke yake." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hilo ni dogo mno. Kaka Naftali hakujua kuchagua jiwe. Ilikuwa kazi yangu."