Mkono Uliobaki Nje ya Picha

Ilianza na picha ya pasipoti. Sura ya mteja ilitoka ukungu mtupu, lakini pazia nyuma yake lilionekana mpaka nyuzi.

"Sasa pasipoti ni yangu au ya pazia?" mteja alitania.

Mpiga picha alicheka, akafuta lenzi, akazungusha pete ya fokasi hadi kope za mteja zikaonekana moja moja. Alipobonyeza, pete ilijizungusha yenyewe chini ya vidole vyake na kwenda kukaza kilichokuwa nyuma. Safari hii pazia lilikuwa na alama ya kiganja kidogo kilicholowa maji.

Alijua ni cha nani.

Mwaka uliopita alipiga picha za harusi kando ya bwawa la kuogelea. Bibi harusi alikuwa akicheka, na pembeni, majini, mkono mdogo ulikuwa ukipungapunga. Watoto hawa wananiharibia picha, aliwaza, akavuta lenzi. Bibi harusi akaja karibu, pembeni kukakatwa, mkono ukabaki nje. Picha ilitoka nzuri ajabu. Alipokuja kushusha kamera, watu walikuwa wanapiga mayowe, na mtoto wa dada yake alitolewa majini hana pumzi. Dada alipomwuliza, alisema hakuona kitu.

Tangu siku ya pazia, studio ilinuka dawa ya bwawa. Kila picha ilimwonyesha mtoto amesogea kidogo, kutoka kwenye pazia hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi begani kwa wateja, akiwa mkavu wa macho, nywele zimelowa, na hata mchana kweupe, huku redio ya fundi cherehani ikisikika ng'ambo ya ukuta, mpiga picha alisikia matone yakidondoka nyuma yake na sauti ikimnong'oneza sikioni, "Mama mdogo, mbona ulinitoa pichani?"

Mganga aliyeitwa hakuchoma hata ubani. Alinusa tu mlangoni.

"Huyu si mtoto wenu," alinong'ona. "Ni jini, limevaa sura yake. Limejishikiza kwenye neno ulilolificha. Litoe neno, litakuachia."

"Litakwenda wapi?"

"Popote litakapotaka. Kulizuia siwezi."

Mpiga picha akamwita dada yake, akamweleza yote ya siku ya harusi akiwa amepiga magoti. Aibu ilimchoma hata akashindwa kuinua uso.

"Uliuona mkono wake," dada alisema.

"Niliuona, dada. Nisamehe."

Dada aliokota mkoba wake akatoka. Papo hapo harufu ikakatika, hewa ikawa nyepesi, na mpiga picha akashusha pumzi kwa raha iliyomtia haya. Ndipo alipotazama sakafu. Nyuma ya viatu vya dada, nyayo ndogo zilizolowa zilikuwa zikitoka nje, moja baada ya nyingine.

Dada alisimama barabarani, akageuka huku na huku.

"Mdogo wangu," aliita. "Unasikia maji yanadondoka?"

Neno lilimjia mdomoni: ni jini, limekufuata. Akilisema, jini lingeweza kurudi kwake.

"Labda ni bomba la jirani, dada," alisema, akafunga mlango, akachukua tambara na kuanza kukausha sakafu.