Uduvi Wekundu wa Bi Anar

Maiti zilikuwa nyingi, na Inspekta Zipora hakujisumbua kuzihesabu. Zililala juu ya mchanga, nyingine zimenasa kwenye majani ya maji, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Wekundu wao ulikuwa umegeuka weupe wa maziwa.

"Afande, hao ni uduvi," Konstebo Donatus alinong'ona. "Kesi yetu ni bangili."

"Nimekusikia."

Alikuwa amechoka. Alfajiri alikuwa Nyarugusu, ambako shimo la dhahabu lilikuwa limefukia wachimbaji, na tope la huko lilikuwa limemkaukia viatuni. Alitaka chai na kiti. Badala yake alisimama sebuleni kwa Bi Anar, mjane mwenye duka la vitambaa Geita mjini, mbele ya tangi la kioo refu kama sanduku la bibi harusi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bi Anar alifuga uduvi. Mbegu ilitoka ziwani, kwenye nyavu za wavuvi wa dagaa. Kila kizazi aliwatenga wenye wekundu kidogo, akawazalisha wao kwa wao, miaka ikapita, mpaka tangi lote likawaka kama makaa. Watu walimcheka, eti mama yule anafuga kitoweo asichokila. Na chini ya mchanga ule alificha bangili zake mbili za dhahabu. Kila Ijumaa alizitoa akazivaa, jioni akazirudisha.

Juzi magharibi, alipokuwa kwenye sala, bangili ziliibwa. Kulipokucha, uduvi nao walikuwa wamekufa.

Aliyejua maficho ni mmoja tu, Vumilia, msaidizi wa nyumbani. Basi polisi wakamweka ndani, na leo mchana gari lingempeleka mahabusu Mwanza. Mwanawe Klara, ambaye bado ananyonya, alikuwa uani mgongoni mwa jirani, analia mpaka sauti imekauka.

"Unatafuta nini tena, Inspekta?" aliuliza Hasnain, mpwa wa Bi Anar. "Mwizi mnaye. Au mnataka na uduvi watoe maelezo?"

"Wameshaanza kuyatoa," Zipora alisema. "Bi Anar, Mama Klara huingiza mkono humu?"

"Kila siku. Anapunguza majani."

"Ananawa?"

"Kwa maji matupu, bila sabuni. Sabuni inawaua, marashi yanawaua. Nilimfundisha mwenyewe, na sasa yeye ndiye ananikumbusha mimi."

"Na maji ya kuongezea?"

"Yanalala kwenye ndoo kwanza. Ni yale yale ya siku zote."

Zipora akavaa miwani, akainama. Konokono mmoja alikuwa akipanda kioo taratibu, kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Nyuma yake mwingine.

"Donatus, kitendawili."

"Sasa hivi, afande?"

"Kitendawili!"

Konstebo akaguna. "Tega."

"Wapangaji wote wamekufa usiku mmoja, kasalimika aliyebeba nyumba yake."

"Konokono."

"Haya, kwa nini kasalimika?"

Jibu Zipora alikuwa nalo tangu utotoni, kwao Maswa. Baba yake alikuwa akimaliza kupiga dawa ya pamba anaosha bomba kwenye lambo la ng'ombe. Kesho yake wadudu wa maji, kila mwenye miguu, walielea chali, na konokono wakaendelea kutembea majanini kana kwamba hakuna msiba.

Sampuli ya maji ingeweza kwenda kwa mkemia wa serikali, na majibu yangerudi Klara ameshaota meno.

"Nani hapa nyumbani analima pamba?"

Hasnain akacheka. "Mlinzi. Mzee Marselino ana shamba njia ya Buseresere. Lakini huyo yuko hapa tangu mimi nabebwa!"

"Mwite."

Mzee akaja, amejikunyata ndani ya koti refu la lindo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akaitikia, kama Wasukuma wamwitavyo mama.

"Dawa ya pamba umepiga lini?"

"Juzi mchana."

"Kisha ukaja lindoni."

"Nilioga kwanza. Nikanawa kwa sabuni na jivu. Najua dawa ile."

"Na koti?"

Marselino akalitazama koti lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Ninalo hili hili. Shambani nalivaa, dawa inachoma ngozi."

"Livue, mzee wangu. Bi Anar, umebakiwa na uduvi wazima?"

Walikuwepo. Jikoni kulikuwa na chupa ya kioo, na ndani yake mama wachache wenye mayai tumboni, aliowatenga wazae kwa amani.

"Nipe wawili, kwenye bilauri."

"Watakufa?"

"Nikiwa nimekosea, hawatakufa."

Bi Anar akaleta bilauri. Zipora akatumbukiza pindo la mkono wa kulia wa koti, akalitoa. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha uduvi mmoja akaruka, akajigonga kwenye kioo, akazunguka kama aliyepagawa, akalala chali miguu ikipapatika. Wa pili akamfuata.

Bi Anar akaziba mdomo.

"Basi," alisema Marselino. "Inatosha, mayu. Hao sikuja kuwaua. Wallahi sikujua."

Zipora akampa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema, kwa sauti ya chini kama anayemfunika mtu shuka. Mzee akatikisa kichwa. Alitaka kusema.

"Maficho uliyajuaje?"

"Dirisha liko mbele ya kiti changu. Kila Ijumaa nilimwona akizitoa, akizirudisha."

"Ulitaka kuziuza?"

"Kuziuza!" Kwa mara ya kwanza mzee alikasirika. "Dhahabu ile tuliichimba mimi na mdogo wangu, Nyarugusu. Jiwe moja, limepinda kama korosho. Mimi nikalileta kwa Bwana, marehemu mume wake huyu mama. Mdogo wangu akarudi chini, anasema jiwe lile lina pacha wake. Maji yakaingia shimoni. Hatujamtoa mpaka leo."

Uani Klara alikwaruza kilio.

"Bwana alinihurumia, akanipa ulinzi. Siku moja akaniambia kwa furaha, lile jiwe lako nimemtengenezea mke wangu bangili. Nikasema ahsante. Miaka yote nakaa pale naziona zinalazwa mchangani, majini, na wadudu. Na mdogo wangu amelala mchangani, majini, hana hata kitu. Mwaka huu ananijia ndotoni, ananidai kaburi."

"Ziko wapi?"

"Kwenye mdomo wa shimo letu, chini ya jiwe. Nimemrudishia."

"Na Mama Klara, mzee? Ungemwacha aende Mwanza?"

Marselino akainamisha kichwa. "Mtoto nimemsikia usiku kucha. Kila nikisimama niseme, naona mnakwenda kumfukua. Nikakaa."

Bi Anar alikuwa akitazama vifundo vya mikono yake mitupu. "Mdogo wako alikuwa anaitwa nani?"

"Maige."

"Maige," alirudia. "Nimemvaa miaka yote hii, na jina lake sikulijua." Akamgeukia Zipora. "Mahakama inahitaji bangili ngapi?"

"Kwa ushahidi? Hata moja inatosha."

"Basi fukua moja. Nyingine andika haikuonekana."

"Mimi siandiki uongo, Bi Anar." Zipora akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaitia mfukoni. "Ila nimechoka, na macho yangu si ya jana. Nikishaona moja, nitarudi."

Akamtuma Donatus kituoni na amri ya kumwachia Vumilia. Marselino alikalishwa kizingitini, bila pingu, koti lake likiwa limefungwa ndani ya gunia kama kielelezo. Baadaye mlango wa uani ukalia, zikasikika hatua za mtu anayekimbia, kisha kilio cha Klara kikakatika ghafla, katikati.

Hapo ndipo Inspekta Zipora alipoomba kiti.