Kipimo cha Kitanda cha Tela

Mume wangu Hafidhi alinituma Bigwa kuchukua mianzi, nami nikaondoka nikinung'unika, maana jua lilikuwa linazama na maharage yangu yalikuwa bado jikoni. Lakini ukimwambia Hafidhi "kesho" kuhusu lile tela lake, utadhani umemtukania mama yake.

Niwaeleze kwanza hilo tela. Hafidhi ni fundi wa faiba pale Kihonda tunapoishi. Bampa la gari likipasuka, wanamletea yeye. Siku moja aliona kwenye simu kitela cha kulala, kinavutwa na gari, umbo lake la tone la maji: mbele kimenenepa, nyuma kinachongoka, ndani kitanda tu. Akaapa atatengeneza chetu kwa mikono yake, tukivute mpaka huko juu Uluguru, tulale kwenye baridi bila kumfuata mgonjwa wala kukimbilia msiba. Majirani walimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, na moyoni nililitaka hilo tela kuliko yeye.

Chasisi alishaiunga jirani yetu Tomasi, mchomeleaji. Kilichobaki kilikuwa mianzi iliyopasuliwa, ya kukunja iwe mbavu za tela. Juu ya mbavu Hafidhi angetandika nyuzi za faiba na kuzilowesha kwa rezini, ile gundi yake ya maji. Rezini ikishakauka imekauka. Ulichokiacha ndani hukitoi mpaka ukate.

Bibi Chausiku, muuza mianzi, hakuwepo nyumbani. Mlango ulikuwa na kufuli. Mzigo wangu ulikuwa umeegemezwa kwenye uzio kama tulivyoongea kwenye simu. Kutoka juu mlimani nilisikia sauti za wanaume wakishuka polepole, na kanzu zao nyeupe zilionekana katikati ya migomba. Nikaelewa kwamba kuna watu wametoka kuzika na Bibi yuko msibani.

Nikainama kuubeba mzigo.

Harufu ikanifikia kwanza...

Kafuri.

Nilipoinua kichwa, mzee mmoja mrefu alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio. Alikuwa na nguo nyeupe, kichwa amekifunika, na pindo lote lilikuwa na udongo mwekundu. Alisimama magoti yamepinda, kama mtu aliyekaa mahali pa kubana. Mkononi alishika ufito mmoja mweupe, uliomenywa vizuri na kunyooka.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

Hakuitikia.

"Mianzi ya nini?" akauliza. Sauti ilikuwa ya puani, ya mtu mwenye mafua makali.

"Tunatengeneza tela, mzee. La kulala."

"Kitanda chake kirefu?"

"Inabidi. Mume wangu ni mrefu."

Akautazama ufito wake. Nilisikia maji ya mfereji yakipita, basi.

"Ana bahati," akasema taratibu. "Atalala amenyooka."

Akaupitisha ufito juu ya uzio. "Kapimeni kwa huu."

Nikaupokea. Ningefanyaje? Mtu mzima kanipa kitu, nimkatalie? Ulikuwa wa baridi na umelowa. Nikaufunga pamoja na mianzi, na nilipogeuka kumshukuru sikumwona tena. Nilijiambia kawafuata wenzake. Nilitembea haraka sana mpaka barabarani, na sikuona aibu kukimbia kidogo.

Kesho yake Hafidhi aliufurahia ule ufito kama mtoto. Futikamba yake ilikuwa imegandana kwa rezini, haivutiki, na kama mafundi wote wa kwetu, alichohitaji ni kijiti kilichonyooka cha kubebea kipimo. Akausimamisha pembeni yake. Ukamfikia utosini, sawasawa.

"Nasra! Huyo mzee wako kanijulia urefu!"

Tukacheka wote wawili. Akakata ubao wa kitanda kwa kipimo kile. Na kwa kuwa hapendi kutupa kitu, akaulaza ufito katikati ya paa, uwe uti wa mgongo wa tela, akatandika faiba juu yake na chini yake, akamwaga rezini.

Tela zima likakauka.

Ila pale ulipopita ufito hapakukauka. Hafidhi aliongeza dawa ya kukaushia, akalitoa juani, akalifunika, akalifunua. Mstari ule ukabaki unanata, na ukiugusa vidole vinanuka kafuri. Nikamwambia. Akasema pua yangu imeharibiwa na kemikali zake.

Kisha akaanza kulala humo.

Mwanzoni ilikuwa utani, anajaribu godoro mchana baada ya kula. Baadaye ikawa kila alasiri. Nikimwamsha anachelewa kuamka, na akiamka ngozi yake ni ya baridi wakati Kihonda nzima inatokwa jasho. Nilimkuta kila mara amelala vilevile, ubavu wa kulia, miguu imenyooka, na mume wangu ninayemjua hulala ametapakaa kitanda kizima na kuninyang'anya shuka. Nikaanza kuogopa kweli. Niligombana naye, nikalia, nikaficha ufunguo. Akautafuta mpaka akaupata.

"Humo kuna utulivu, Nasra," alininong'oneza. "Sijawahi kulala nikatosha hivi."

Siku hiyo hiyo nikampigia Bibi Chausiku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mianzi ilifaa?"

"Ilifaa. Ila Bibi, nilitaka kumuulizia yule mzee aliyenipa ufito uzioni kwako. Siku ile ya maziko."

 

"Ufito gani, Nasra?"

Nikamwelezea. Aliponijibu alikuwa ananong'ona, kana kwamba kuna mtu amekaa karibu yake.

Siku ile walimzika jirani yake, Mzee Mwinjuma. Huko kwao, maiti hupimwa kwa ufito, ufito ukapelekwa kwa wachimbaji, na kazi ikiisha huvunjwa ukazikwa pamoja na maiti mwenyewe ili usije ukapima mtu mwingine. Wa Mzee Mwinjuma ulipotea. Aliyetumwa nao aliuegemeza mahali akasahau. Wachimbaji wakakadiria kwa macho, na mvua ilikuwa inataka kunyesha.

"Kaburi likawa fupi," Bibi akasema. "Alikuwa mtu mrefu yule. Ikabidi wamkunje magoti."

Nikayakumbuka magoti ya yule mzee uzioni.

"Mmempima nani kwa huo ufito, mwanangu?"

"Hafidhi, Bibi. Na ameufunika kwa rezini, paani mwa tela."

"Ung'oeni. Niletee nikauvunje. Usingoje kesho!"

Nilitoka nje mbio. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, na Hafidhi hakosi magharibi msikitini hata awe na homa. Viatu vyake vilikuwa chini ya mlango wa tela.

"Hafidhi."



Nikavuta mlango. Haukuvutika. Nikaweka sikio kwenye faiba... Ndani kulikuwa na mtu anapumua, polepole sana. Na mwingine, anayepumua kwa shida kupitia mdomo, kama puani kumezibwa.

Hapo ndipo nilipoielewa ile sauti ya mafua.

Maiti huzibwa pua kwa pamba iliyotiwa kafuri.

Nikapiga kelele ya kuitoa Kihonda yote nje. Tomasi akaruka ukuta na grenda mkononi, hakuuliza kitu, akapanda juu akaanza kukata paa palepale kwenye mstari. Vumbi la faiba likatuingia machoni. Paa lilipoachia, tuliona mfereji mwembamba ndani ya rezini, mrefu na safi, wenye umbo la ufito.

Ufito haukuwemo.

"Ulikuwa hapa," Tomasi akanong'ona, akafanya ishara ya msalaba. "Nilimwona akiufunika."

Nikachungulia. Hafidhi alikuwa amelala ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, mikono imenyooshwa. Kichwa kiligusa huku, nyayo ziligusa kule. Ufito ulikuwa umelazwa kando yake, kwenye godoro. Hapakuwa na mtu mwingine humo. Lakini kati yake na ufito godoro lilikuwa limebonyea, na shuka lilikuwa na udongo mwekundu.

Niliingia kwa lile tundu. Sikufikiri. Humo ndani huwezi kuinama wala kupiga magoti, paa liko chini, kwa hiyo ilinibidi nijilaze sambamba naye, palepale palipobonyea, nimkumbatie kifuani, na Tomasi atuvute wote wawili. Nilikaa humo muda wa kusoma sura fupi ya Kul-huwallahu tu. Ufito ulinigusa mgongo wote, kuanzia kichwani mpaka kisiginoni.

Akakohoa alipopata hewa. Mume wangu akakohoa! Nililia bila kujali nani ananiona.

Daktari alisema ni mvuke wa rezini. Ukijifungia na rezini ambayo haijakauka, alisema, inakulevya, unalala, unaweza usiamke. Hafidhi ameyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Nami ningeyashika.

Lakini alfajiri ya kesho yake tuliupeleka ufito kwa Bibi Chausiku, sisi wawili. Kabla hajauvunja akamwambia Hafidhi asimame, akauweka pembeni yake kuhakikisha ndio wenyewe.

Ukaishia kwenye nyusi.

Bibi akautazama. Hafidhi akacheka kidogo, akasema pengine umesinyaa kwa joto. Bibi hakucheka. Alinitazama mimi, mara moja tu, kutoka kichwani mpaka miguuni, halafu akauvunjia gotini haraka haraka na kumpa mjukuu wake wa kiume akauzike kaburini kwa Mzee Mwinjuma.

Mimi humfikia Hafidhi kwenye nyusi. Tulipiga picha ya harusi tumesimama hivyo.

Tela tulilichoma moto nyuma ya karakana ya Tomasi. Hafidhi amepona, anakula, ananinyang'anya shuka, anasema akipata nafasi ataanza jingine lenye dirisha kubwa. Ufito umevunjwa na umezikwa, na Bibi ananihakikishia kila nikimpigia kwamba yamekwisha. Huwa anawahi kukata simu.

Tangu siku ile nalala nimejikunja, magoti kifuani. Najifunga khanga kuzunguka mgongo na magoti nisiweze kujinyoosha.

Leo Hafidhi ameniuliza, huku ananimiminia chai, kwa nini siku hizi kila alfajiri ananikuta ubavu wa kulia, miguu imenyooka, khanga imekunjwa vizuri pembeni.

Nimemwambia ni uchovu.

Chai ilikuwa inanuka kafuri.