Chunjua za Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa duka la dobi aliamka amechoka na kulala amechoka. Kutwa alisimama mezani akinyoosha mashuka na mashati ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Uchovu huo aliuzoea. Kilichomshinda ni unyayo wa kulia. Chini ya vidole paliota chunjua ngumu yenye vidoa vyeusi, na kila hatua ilikuwa kama kukanyaga changarawe. Akilemewa, alisimama kwa mguu mmoja. Wenzake wakamwita Korongo. Alicheka nao, maana ukilikataa jina la utani ndipo linapokuganda.

Msimamizi hakucheka. Alimkuta amekalia ndoo, akamwambia taratibu kwamba pasi haipigwi kwa kukaa. Akimkuta hivyo tena, meza atapewa mwingine. Korongo hakuwa na meza nyingine ya kwenda.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na fundi viatu huamini hakuna soli inayomshinda. Dawa ya kupaka walishaitumia miezi na miezi bila mafanikio. Basi kila Jumapili aliuweka mguu wa mkewe pajani kama kiatu cha mteja, akaichonga chunjua kwa kisu cha kukatia ngozi, akamalizia kwa msasa. Kazi ilikuwa safi. Baada ya muda chunjua ilirudi, tena na ndugu zake wawili.

"Ngozi ni ngozi," alisema fundi. "Tutaipata tu."

"Wewe utaipata, baba watoto. Mimi nitakuwa nimebaki na goti."

Jirani yao alikuwa mama mmoja, tabibu wa miguu katika zahanati. Jioni moja alimwona Korongo akipanda ngazi kwa kushika ukuta, akaomba auone mguu. Aliutazama sana, akaelezwa habari ya kisu na msasa. Kisha akamgeukia fundi.

"Shemeji, hebu nione mkono wako."

Fundi aliuficha nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kwenye kidole gumba palikuwa na chunjua changa.

Tabibu akawaeleza kwamba chunjua huletwa na kirusi. Hupita kwa kugusana, kwa ndara na taulo za kuazimana, kwa sakafu ya bafu yenye majimaji, na kwa kisu kama kile. Kuichonga mpaka itoe damu ni kuitawanya. Chunjua nyingi huondoka zenyewe au kwa dawa ya kupaka, ila zilizo sugu zina njia nyingine. Akaongeza kwamba mwenye kisukari asijaribu kabisa kujitibu mguu nyumbani.

"Mbona mwili wangu haukifukuzi hicho kirusi?" aliuliza Korongo.

"Kimekaa juujuu kwenye ngozi, shoga. Ni kama mgeni aliyejibanza kibarazani, na mwenye nyumba amelala ndani hana habari. Tutamsukuma ndani, wakutane."

"Mtamsukuma na nini?"

"Sindano."

Korongo alikubali. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

Kule zahanati, tabibu alimuuliza maradhi aliyo nayo na dawa anazotumia, akakagua kama damu inafika vizuri mguuni. Kisha akampiga sindano ya ganzi karibu na kifundo. Alishamwonya kwamba hiyo itauma, na iliuma. Mguu ulipokufa ganzi, aliidunga ile chunjua kubwa tena na tena, harakaharaka, kama sindano ya cherehani. Korongo hakusikia maumivu. Fundi ndiye aliyeanza kusoma ukuta usio na maandishi. Damu ilitoka kidogo, wakafunga bendeji.

"Na hizi nyingine umeziacha?" aliuliza fundi, kama mtu aliyerudishiwa kiatu nusu.

"Mwili ukishamjua mmoja, mara nyingi huwatafuta ndugu zake wenyewe. Ila si kila mtu hupona, shemeji. Wengine hurudia sindano."

Alimwagiza Korongo asiloweshe bendeji mpaka atakapoambiwa, aupumzishe mguu, na asimeze dawa ya maumivu ambayo yeye tabibu hakumpa. Akiona usaha, homa au wekundu unaosambaa, arudi upesi.

Korongo hakuwahi kumweleza msimamizi kwa nini alikuwa anakaa. Safari hii alimweleza. Msimamizi aliguna, akampa siku chache za kukunja nguo, kazi ya kiti. Zikiisha, alisema, ni kusimama au kuondoka.

Zikaisha. Kidonda kilikuwa kimekauka, lakini chunjua zilikuwa palepale. Korongo alisimama akiuma meno. Fundi alitazama ule unyayo na mkono ukamwasha, lakini kisu hakikugusa tena mwili wa mtu. Kidole chake kilivaa plasta, na kila mtu nyumbani akapata ndara zake.

Wiki zilipita. Kisha gamba jeusi likabanduka, na chini yake ikaonekana ngozi laini. Zile ndogo zilinywea, zikapotea bila kuaga.

Siku moja mashuka yalikuja mlima mzima. Korongo alisimama tangu asubuhi mpaka duka lilipofungwa. Alipofika nyumbani alijitupa kitandani na viatu vyake. Mumewe akamuuliza mguu unaendeleaje.

"Mguu upi?" alisema, macho ameyafumba. "Nikande mgongo."