Makopo Mawili ya Chakula

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alivaa mabuti akaenda kuwalisha kuku wa shangazi yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Banda lilikuwa na vyumba viwili vya wavu: kimoja cha matetea weupe ishirini, cha pili cha machotara ishirini wenye madoadoa. Hakuna kuku aliyetoka nje. Kila chumba kilipewa ndoo moja ya chakula, na Chiriku aliandika daftarini mayai na uzito. Shangazi alitaka kujua ni aina ipi inayofaa, ndipo ajaze banda zima.

Chiriku alikwisha kuchagua washindi wake. Machotara walimkimbilia mlangoni na kumdonoa mabuti, lakini wale weupe wakimwona walijibanza ukutani. Basi kila siku alichota makopo mawili kutoka ndoo ya weupe akawaongezea machotara. Aliliona ni jambo dogo tu.

Baada ya wiki sita, mayai ya weupe yalishuka kutoka kumi na saba hadi kumi kwa siku. Siku moja Chiriku alipombeba tetea mmoja kumpima, mfupa wa kidari ulimchoma kiganjani. Alishtuka, akaandika uzito wake daftarini.

Jioni hiyo shangazi alilipitia daftari, akasema kesho mchinjaji aje awachukue weupe wote.

"Shangazi, usimwite," Chiriku alisema. "Weupe nimewanyima chakula mimi."

"Umewanyima vipi?"

"Makopo mawili kila siku. Nikawapa machotara. Nilitaka washinde."

Shangazi alikasirika wala hakuficha. Wiki sita za kazi zilikuwa zimepotea bure. Aliacha kumwita mchinjaji, kisha akamwambia mpwa wake kwamba wataanza upya, na mpimaji atakuwa yeye yule yule. Chiriku aliona aibu zaidi kuliko kama angechapwa.

Safari hii kila ndoo iliishia kwenye chumba chake. Wiki nane baadaye, weupe walikuwa wanataga mayai kumi na saba kwa siku, na machotara kumi na mawili. Kwenye mizani, machotara waliwaacha weupe mbali. Shangazi akaamua weupe wabaki wa mayai, na machotara wafugwe kwa ajili ya nyama.

"Kumpenda kuku si kosa," alimwambia Chiriku wakiwa mlangoni mwa banda. "Lakini ukipewa kazi ya kupima, pima kwa haki, hata kama wako watashindwa. Kuku wa kufungiwa hawezi kutoka akajitafutie, na hawezi kuja kunishtakia. Wale weupe hawakuwa na mtu mwingine ila wewe."